Nimeuziwa klaunfishi "aliyebadilishwa" kuishi maji ya bomba, anakufa mbele ya macho yangu. Hii kitu ipo kweli?

Kato_Bweyo (Jumatatu, saa 3 usiku)

Wakuu habari za jioni. Niko Bweyogerere hapa nje ya Kampala, nafuga samaki wa mapambo huu mwaka wa tatu, nilianza na gapi nikaja moli na sasa hivi nina tanki zima la nkejje wa ziwani na wanazaa vizuri tu, kwa hiyo sio mgeni kabisa wa haya mambo. Lakini bahari sijawahi kuigusa hata kwa kidole cha mguu.

Sasa Jumamosi nikapita duka moja mjini, jina naliacha sitaki maneno, nikakuta tanki ina klaunfishi wawili, wale wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe, na damseli mmoja wa buluu mpaka macho yanauma, na mwingine bapa wa fedha kama sahani ana mapezi ya manjano na mistari miwili myeusi kichwani. Nikajua hawa ni wa baharini. Nikamuuliza jamaa, hapa umeweka chumvi? Akachota na kikombe akasema onja mwenyewe. Nikaonja (msinicheke). Chumvi ilikuwepo kwa mbali tu, kama machozi. Akasema hiyo ni mabaki, hawa nimewabadilisha pole pole wiki tatu, sasa ni samaki wa maji baridi kama ngege, peleka nyumbani weka kwenye maji ya bomba yaliyokaa siku mbili klorini ikatoka, hakuna tatizo.

Nimelipa laki sita kwa wote wanne. Nikauacha mfuko uelee dakika ishirini, nikawamwaga kwenye tanki la lita 120 lisilo na mtu. Jumapili asubuhi damseli keshakufa. Leo klaun mmoja amelala pembeni ya hita anapumua kwa nguvu, tumbo limetuna na macho yametoka nje, wa pili anaogelea kama mlevi. Yule wa sahani ndio ananichanganya kabisa, anazunguka tanki nzima na anakula mukene (dagaa wetu wa ziwani) ya kusaga kama hakuna kilichotokea. Amonia, ile sumu ya uchafu wao, nimepima iko sifuri. Nisaidieni.

BodaWaNtinda

Ulionja maji ya samaki ssebo?? Waliokuwa wanakojoa humo wiki tatu?? Pole lakini nimecheka mpaka abiria ameniuliza nini.

Nalongo_Entebbe

Boda wewe acha, mtu ana shida. Kato, toa wale klaun humo SASA HIVI, mengine tutaongea baadaye. Ndoo safi lita 20, maji ya hilo hilo tanki ili joto lisibadilike, tia chumvi gramu 200, kama huna mizani ni vijiko vya chakula kumi na moja vilivyosawazishwa, koroga mpaka iyeyuke yote kabla hujaingiza samaki, weka jiwe la hewa na hita. Chumvi ya jikoni sio bahari, najua watakuja watu hapa kusema, lakini kwa usiku wa leo inatosha. Wa sahani muache alipo.

Kato_Bweyo

Asante Nalongo, nafanya sasa hivi. Umeme umekatika dakika tano zilizopita, natumia ile pampu ya betri.

Okello_Lira

Samahani mnaojua, mimi nauliza kitu cha kijinga. Mnasema maji baridi, alafu hapo hapo mnasema weka hita. Sasa ukiweka hita si yanakuwa maji moto?

Nalongo_Entebbe

Hahaha hapana bwana Okello, maji baridi hapa ni yasiyo na chumvi, ya ziwa, ya mto, ya bomba. Hata yakichemka kwenye chai bado ni maji baridi. Pwani wengine wanasema maji matamu, nako usifikiri kuna sukari.

MzeeKajjansi (Jumatatu, saa 5 usiku)

Kato mwanangu, pole. Nimefanya kazi na samaki karibu maisha yangu yote, nilianzia hapo Kajjansi kwenye mabwawa, kwa hiyo nivumilie nitaandika kirefu, uzee.

Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwenye lita moja. Damu ya samaki wa baharini haiko hivyo, iko kama theluthi yake, tuseme gramu 11 au 12. Na maji tabia yake ni moja tu siku zote, yanakimbilia penye chumvi nyingi. Ndio maana ukimpaka samaki chumvi anakuwa ng'onda, maji yanamtoka. Basi klaun akiwa baharini yuko hivyo hivyo, anakauka usiku na mchana huku yuko ndani ya maji, ajabu lakini ndio ilivyo. Kwa hiyo anakunywa bahari, kwenye mashavu yake, pale anapopumulia, kuna seli kazi yake ni kusukuma chumvi kutoka nje, na mkojo anaubana sana, anakojoa kidogo mno. Boda usicheke.

Nkejje wako ni kinyume chake kabisa. Yeye ndiye mwenye chumvi kuliko ziwa, maji yanamwingia bila kukaribishwa, hanywi karibu kitu, anakojoa muda wote mkojo mwepesi, na mashavu yake yanafanya kazi ya kuvuta ile chumvi kidogo iliyomo ziwani iingie ndani. Unaona sasa? Pampu ile ile lakini imefungwa kinyume. Ukimchukua wa baharini ukamtia kwenye maji ya bomba, maji yanamwingia na figo zake hazijawahi kujifunza kutoa mengi hivyo, anavimba kama maharage uliyoloweka jioni. Tumbo, halafu macho. Huku chumvi ya damu inavuja kwenye mashavu. Misuli inakosa nguvu ndio huo ulevi unaouona. Moyo nao ni msuli.

Sasa nije kwenye ushahidi wako mwenyewe. Umesema maji ya duka yalikuwa kama machozi. Machozi ya mtu yana chumvi kama gramu 9 kwa lita! Ulimi wako ulipima vizuri kuliko ulivyojua. Huyo jamaa hakuwa na maji ya bomba pale, alikuwa na maji yanayokaribiana na damu ya samaki, na hapo samaki wa baharini hana vita, maji hayatoki hayaingii, anaweza kukaa hapo wiki nyingi anakula na rangi inang'aa. Kushuka kutoka 35 mpaka 12 ni mteremko. Chini ya hapo ndipo mambo yanapogeuka, na huko ulimshusha wewe, kwa dakika ishirini. Je, ule mfuko bado unao?

Kato_Bweyo

Mzee shikamoo. Mfuko ninao, maji yake nilimimina kwenye chupa ya soda nikitaka kumwagilia maua. Klaun wawili wako ndooni, mmoja amesimama wima kidogo. Yule wa hita sidhani.

Kijana_Wandikika

Chupa usimwage. Mimi ni mwanafunzi hapo Makerere nakaa Wandegeya, nina rifraktomita, kifaa cha kupima chumvi ya maji. Nitumie asubuhi nikupimie bure.

BodaWaNtinda

Naichukua mimi saa moja nikielekea mjini. Kwa Kato bei ya kawaida, kwa sayansi napunguza buku.

Kato_Bweyo (Jumanne, saa 1 asubuhi)

Yule wa hita amekufa usiku. Wa pili yuko hai na saa hii ameinuka juu kuomba chakula, sijampa. Boda kaja kuchukua chupa.

Kijana_Wandikika (Jumanne, saa 5 asubuhi)

Nimepima mara tatu. Gramu 10 kwa lita, ukitumia haidromita, ile inayopima uzito wa maji, ni kama 1.007. Maji ya bomba ni 1.000 na bahari ni 1.025 hivi. Mzee amesema kweli, hayo hayakuwa maji baridi kabisa, na wala "mabaki" sio gramu 10. Gramu 10 mtu amepima akaweka.

BodaWaNtinda

Na sijaonja.

Pet_Biashara

Mimi nauza samaki, sio hilo duka na silijui, lakini niseme kitu kabla hamjatuchoma wote. Kuwaweka samaki wa chumvi kwenye 1.009 hivi dukani ni kitu cha kawaida, hata huko nje wanafanya, kwa sababu ule ugonjwa wa vidoadoa vyeupe wa baharini, Cryptocaryon, haustahimili chumvi ndogo, ukimweka samaki hapo wiki kadhaa vinaisha bila dawa ya shaba. Pili chumvi ya bahari ya pakti ni ghali jamani, ukitumia theluthi unaokoa hela. Na ukimchovya samaki kwenye maji baridi kabisa dakika tatu mpaka tano minyoo ya mashavuni inaanguka, hiyo nayo ni tiba. Kwa hiyo kushusha chumvi sio kosa. Kosa ni kumwambia mteja nenda kaweke maji ya bomba. Hapo ama hajui anachouza, ama anajua.

Sserunkuma_UG

Mimi sikubaliani sana na hizi hadithi. Mnasema haiwezekani lakini nimeona video Wajapani wanafuga samaki wa baharini na goldifishi kwenye tanki MOJA, wanakula wote. Na dunia nzima samaki walitoka baharini wakaja mitoni. Papa anaingia mto Zambezi. Sisi Waafrika kila kitu haiwezekani haiwezekani.

Kijana_Wandikika

Sserunkuma hiyo video ni ya kweli, naifahamu, ni Chuo Kikuu cha Sayansi cha Okayama. Lakini sikiliza wanachofanya: sio maji ya bomba. Wanatia madini kidogo, sodiamu, potasiamu, kalsiamu, kwa vipimo, mpaka maji yawe karibu na damu ya samaki, ndio maana wa baharini hapigani na wa maji baridi naye anavumilia. Wamefuga hata bunju wa Kijapani na chewa humo, mbali na bahari. Yaani ni chupa ya Kato ile ile, ila wao wameandika kilichomo.

Kalsiamu nayo ina habari yake. Kule Florida kuna chemchemi inaitwa Homosassa, samaki wa baharini, kolekole na jamaa zake, wanaingia humo wenyewe makundi kwa makundi, na maji yake yanatoka kwenye miamba ya chokaa, yana kalsiamu nyingi na chumvi kidogo. Kalsiamu inakaza ngozi ya mashavu chumvi isivuje ovyo. Sasa linganisha na maji yetu ya Kampala yanayotoka Ggaba, ni Nalubaale hiyo, yaani Ziwa Viktoria, maji laini, madini yake machache sana. Mtu akitaka kuchagua mahali pabaya pa kumtia klaun kwenye bomba atachagua hapa kwetu.

MzeeKajjansi

Na hiyo hoja ya samaki kutoka baharini, bwana Sserunkuma, ni kweli na ni nzuri, nisikudharau. Dagaa wa Tanganyika wale, ukoo wao ni wa sadini wa baharini, mababu walipanda mito wakabaki. Lakini hiyo ni miaka mamilioni, vizazi kwa vizazi, walioshindwa wakafa na walioweza wakazaa. Duka linasema wiki tatu kwa samaki mmoja mmoja. Hata ukikaa na ng'ombe mtoni miaka kumi hatakuwa kiboko.

Papa wa Zambezi yeye hakubadilishwa na mtu, amezaliwa na mashine zote mbili. Ziwa Nicaragua huko Amerika ya Kati watu walidhani kuna papa wa ziwani wa aina yake, baadaye wakawawekea alama wakakuta ni wale wale wa baharini wanapanda mto San Juan na kushuka. Akiwa majini baridi anapunguza ile urea anayoiweka kwenye damu na figo zinafanya kazi mara nyingi zaidi. Ni kipaji cha ukoo hicho.

Afande_Kasese

Naomba kuchangia. Mimi niko huku Kasese. Kama shida ni chumvi ya pakti kuwa ghali, si kuna chumvi ya Katwe? Hapa ni karibu, watu wanavuna kila siku, gunia bei ya chini, maji yale yanachoma mguu ukiwa na kidonda. Kato nikutumie gunia kwa basi utengeneze bahari yako mwenyewe?

Nalongo_Entebbe

Afande asante kwa moyo lakini USITUME. Mimi nilifikiria hilo miaka minne iliyopita nikaua moli kumi na mmoja.

Kijana_Wandikika

Afande, Katwe sio bahari iliyopotea njia. Ni ziwa la shimo la volkano, chumvi yake ina magadi mengi na salfeti pamoja na chumvi ya kawaida, pH ya maji yale, kipimo cha ukali wa magadi, iko karibu 10. Bahari ni 8 na kidogo. Umewahi kuona mvuvi Katwe? Hakuna samaki. Anayeweza hali kama hiyo ni yule ngege mdogo wa Magadi kule Kenya, Alcolapia, ambaye amonia yake anaigeuza kuwa urea ndio aitoe, samaki wa ajabu kabisa. Klaun hana hiyo.

Na chumvi ya dukani ya kula nayo ni sodiamu kloridi tupu. Bahari ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, salfeti. Ndio maana Nalongo alisema ya usiku mmoja.

Afande_Kasese

Nimeelewa. Kweli mvuvi sijamwona Katwe, na nimekaa hapa miaka tisa, sikuwahi kujiuliza. Gunia nalitumia kwa mbuzi.

Kato_Bweyo (Jumatano, saa 2 usiku)

Klaun aliyebaki yuko kwenye ndoo ya pili, nimebadilisha nusu ya maji, tumbo limerudi, amekula mukene. Sikutegemea kulia kwa ajili ya samaki wa sentimita tano lakini basi.

Swali langu bado halijajibiwa lakini. YULE WA SAHANI. Siku ya tano leo kwenye maji ya bomba. Anang'aa, anakula, ananifuata nikipita. Kama haiwezekani yeye inakuwaje? Nimempigia jamaa wa duka simu leo, nikamwambia wamekufa wawili, akasema "si mmoja anaishi? basi ujue uliwaweka vibaya hao wengine, dawa yangu inafanya kazi." Nikakosa jibu.

Turnboy_MSA (Alhamisi, saa 10 alfajiri)

Kaka Kato nakujibu hilo mimi, sina elimu ya Makerere lakini nimezaliwa Mombasa, nalala kwenye lori hapa Malaba foleni haisogei ndio nasoma uzi wenu. Huyo bapa mwenye mapezi ya manjano na mistari kichwani tumemvua sana tukiwa watoto kwenye mikoko ya Tudor, wadogo wanakaa kule ndani ambako mvua kubwa ikinyesha maji ya mto yanashuka mpaka ukionja hayana chumvi kabisa (nami nilionja, Kato uko na mwenzako), na saa sita baadaye maji yakijaa bahari inarudi yote. Wao wapo tu. Kila siku ya Mungu wanabadilishiwa maji mara mbili bila kulipa laki moja. Klaun humkuti pale ng'o. Klaun yuko kule nje kwenye miamba, kwenye ile miba laini ya baharini, anemoni, hajui mvua ni nini.

MzeeKajjansi

Turnboy amemaliza, angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote. Huyo ni mono, Monodactylus argenteus. Wako na wengine wa namna yake: mkizi, mkunga wa mitoni, mwatiko ambao Kilifi na Unguja wanawafuga kwenye mabwawa ya chumvi na Ufilipino wanawafuga kwenye Laguna de Bay ambalo ni ziwa la maji baridi. Hata mpuuta wetu, yaani sangara, ana ndugu yake kule Australia, baramundi, anayeishi mtoni na kwenda kuzaa kwenye maji ya chumvi.

Tofauti iko ndani ya mwili. Kuna homoni inaitwa prolaktini, inatoka kwenye tezi chini ya ubongo. Mwaka 1959 mama mmoja mtafiti, Grace Pickford, na mwenzake waliwatoa tezi hiyo samaki fulani wa pwani ya Marekani ambao kawaida wanaishi kokote. Wakiwa kwenye maji ya chumvi waliishi, maji baridi wakafa. Wakiwadunga prolaktini, wakaishi tena kwenye maji baridi. Mono anapoonja maji yamepungua chumvi anaamsha homoni hiyo na mashavu yanageuza pampu. Klaun ukimpa miezi sita hana cha kugeuza.

Kwa hiyo jibu la kumpa jamaa wa duka ni hili: amtie damseli mwingine peke yake kwenye maji ya 1.000 mbele ya mteja, amwache hapo mwezi mmoja, ndio auze.

Sserunkuma_UG

Sawa mzee nimenyoosha mikono. Ila mono si ataishi kwa Kato kwenye bomba mpaka uzee basi? Si amepata laki moja na nusu yake?

Nalongo_Entebbe

Ataishi kwa muda. Mono mdogo anavumilia, akikua anataka chumvi, usipompa anaanza kuwa mweusi mweusi, mapezi yanaliwa na kuvu, kila ugonjwa ukipita unamshika. Niliwahi kukuta mmoja kwa rafiki yangu, mkubwa kama kiganja, rangi ya jivu, anajificha nyuma ya filta mchana kutwa. Tukampandisha chumvi wiki mbili, ukamuona fedha inarudi kuanzia mgongoni. Na wanapenda kundi, na wanafika sentimita 25 na zaidi, lita 120 ni chumba cha kupanga tu hicho Kato.

Kato_Bweyo

Kwa hiyo yaani badala ya kumleta samaki kwenye maji yangu, nipeleke maji kwa samaki.

Nalongo_Entebbe

Eeh. Mono anakaa chumvi kamili bila neno, klaun pia, tanki moja. Na moli zako nazo unaweza kuziingiza humo, usishangae, moli kwao Mexiko wanakaa mpaka baharini, ukiwapandisha pole pole siku kadhaa wanaishi na kuzaa. Hao ndio "waliobadilishwa" na uliwanunua elfu tatu tatu.

Panda taratibu, pointi mbili tatu za haidromita kwa siku, filta yako nayo bakteria wake wanaokula amonia wanashtuka chumvi ikiruka, pima amonia kila siku. Na ongeza hewa kuliko unavyodhani, maji ya chumvi yanashika oksijeni pungufu kuliko ya bomba, kama sehemu moja ya tano hivi, halafu sisi tuko mita 1,200 juu ya bahari, hewa yenyewe nyepesi. Vitabu vyote vya akwariamu vimeandikwa na watu wa pwani.

Pet_Biashara

Kato chumvi ya pakti ninayo, njoo inboksi nikupe bei ya pole.

Turnboy_MSA

Ama usinunue. Narudi Mombasa Jumapili, lori linakuja tena huko na mitungi mitupu siku zote. Nikuchotee bahari yenyewe?

MzeeKajjansi

Turnboy, maji lete, lakini samaki hai usilete hata mmoja, kuvusha samaki hai kunataka kibali na utasumbuliwa mpakani bure. Na Kato, siku ukichoka na hao samaki usije ukawamwaga Nalubaale. Najua klaun atakufa, mono nisingependa kujua.

Chota maji yakiwa yamejaa kabisa, sio yakitoka, yakitoka yanashuka na uchafu wa mtoni na wa mji. Mbali na bandari. Chuja kwa kitambaa, weka gizani.

Turnboy_MSA

Mzee hapo umenifundisha kazi ya babangu. Nitaenda Nyali na mashua ya binamu, bamvua, maji yakijaa sana, iko wiki hiyo.

Kato_Bweyo (Jumamosi ya wiki ya pili, saa 4 usiku)

Wakuu nimerudi. Jamaa wa duka nilimpelekea matokeo ya chupa kwenye simu, akasoma, akakaa kimya, mwisho akanirudishia laki mbili na akaniomba nisiseme jina, na sijasema. Leo nimepita kwa mbali nikaona kwenye tanki lile kuna karatasi imebandikwa "MAJI YA CHUMVI KIDOGO". Klaun wawili wapya. Bei imepanda.

Nkejje wako kwao, sijawagusa. Klaun wangu na mono wako 1.012 sasa kwa chumvi ya pakti, kwa lita 120 pakti moja ilitosha kufika hapo. Klaun amechagua kona ya filta, kila usiku analala kichwa kimeelekea juu kama mtu amelewa, nikaogopa nikadhani yamerudi, Nalongo akaniambia klaun ndivyo wanavyolala. Mono anamzunguka tu.

Turnboy umefika wapi?

Turnboy_MSA

Nimetoka Malaba saa hii, kesho mchana niko Bweyogerere, Boda aje barabarani na kamba maana mitungi sita ya lita 20 hatabeba yote mara moja. Mitano ni safi. Ule wenye kifuniko chekundu nimegundua njiani ulikuwa wa mafuta ya kupikia, huo oshea pikipiki.

BodaWaNtinda

Na chumvi ishike cheni yangu? Nalongo, anayeonja mara hii ni Turnboy.